Maovu Yalipitishwa Mchana, Nasi Tulikuwa Wapi?

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba wake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Kiyama. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, tumekusudia kulisema wazi jambo ambalo wengi wetu hulisema chinichini baada ya Swala ya Ijumaa, kisha kila mmoja akavaa viatu vyake akaenda zake. Nalo ni hili: katika mitaa yetu ya pembezoni mwa jiji, mambo yanayotukera hayaletwi na majini usiku. Yanawekwa kwenye ajenda, yanajadiliwa, yanaandikwa kwenye muhtasari na kugongwa muhuri mchana kweupe, katika vikao ambavyo milango yake i wazi kwetu. Sisi ndio tusioingia.

Hatutasema ya wengine kabla ya kusema yetu. Katika kata moja ya pembezoni mwa Dar es Salaam, ambayo hatutaitaja kwa kuwa makusudio yetu si kumuaibisha mtu, ilifunguliwa baa hatua chache kutoka madrasa tunayosomesha. Upande huu wa ukuta watoto wanahifadhi Juzuu Amma, upande wa pili muziki unaanza kabla ya Magharibi. Wapo wanafunzi wetu wa miaka saba waliozijua nyimbo za baa kwa moyo kabla ya kumaliza juzuu hiyo moja. Jamaa wa msikiti wakaghadhibika. Khatibu akanguruma juu ya mimbari Ijumaa mbili mfululizo. Vijana wakataka kwenda kuvunja meza, wazee wakawazuia, Allah awalipe kheri. Mwishowe tukateuliwa watu wanne kwenda ofisi ya kata kulalamika.

Mtendaji wa kata alitupokea kwa heshima, akatupa viti, akafungua jalada. Ndani mlikuwa na maombi ya leseni, muhtasari wa mkutano wa mtaa na muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Akatusomea mstari mmoja: kwamba wananchi waliohudhuria hawakuwa na pingamizi. Tukauliza, ni wananchi gani hao? Akatuonesha orodha ya mahudhurio. Walikuwa watu 19. Hatukukuta jina hata moja la mtu wa safu ya kwanza ya msikiti wetu, si la imamu, si la katibu, si la mwalimu. Na tangazo la mkutano ule lilikaa kwenye ubao wa serikali ya mtaa wiki nzima, nasi tukipita mbele ya ubao huo kila siku kwenda kusomesha. Tulikaa miaka mingi tukisoma kwa Kiarabu milango ya hisba katika vitabu vya mafakihi, kisha tukashindwa kusoma karatasi moja ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani. Katika hilo hatuna wa kumlaumu ila nafsi zetu.

Kuna nini huko barazani?

Huenda msomaji akauliza: kuna jambo gani huko hata tuache darsa zetu? Tunamjibu kwa yaliyo dhahiri. Halmashauri zetu za miji zinaendeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982. Baraza la Madiwani hukutana katika mkutano wa kawaida kila robo ya mwaka. Wajumbe wake ni madiwani waliochaguliwa katika kata, madiwani wanawake wa viti maalumu, na wabunge wa eneo husika. Mkurugenzi, ambaye huteuliwa, ndiye katibu. Kazi kubwa huandaliwa kwanza katika kamati za kudumu: ya fedha, ya uchumi, afya na elimu, na ya mipango miji na mazingira. Chini yake ipo Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Na chini kabisa upo mkutano mkuu wa mtaa, ambao ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwenye nyumba na mpangaji, mwanamume na mwanamke. Sheria imeagiza kuwa mikutano ya Baraza iwe wazi kwa wananchi na kwa waandishi wa habari.

Baada ya kuzinduka tulikwenda kuhudhuria. Aketiye upande wa wasikilizaji haruhusiwi kuchangia, kazi yake ni kusikiliza. Basi tukasikiliza tangu asubuhi hadi ulipokaribia wakati wa Adhuhuri. Ukathibitishwa muhtasari wa kikao kilichopita, yakafuata yatokanayo, kisha taarifa za kata na za kamati. Yakazungumzwa magari ya taka yaliyoharibika, mfereji uliozibwa na mtu mwenye nguvu, ushuru wa soko, vyoo vya shule, machinjio yasiyo na maji ya kutosha, maombi ya kubadili matumizi ya viwanja, na eneo la makaburi lililojaa. Viti vya wasikilizaji vilikuwa vitupu isipokuwa vya kina mama wachache wauza chakula sokoni, waliokuja kufuatilia habari ya mfereji wao. Walikwishampa diwani wao barua yenye saini zao kabla ya kikao, na diwani akaisemea. Sisi tuliokuwa na baa mlangoni hatukuwa tumempa diwani wetu hata karatasi.

Tukatazamana, kwa sababu mambo yale tulikuwa tukiyajua. Al-Mawardi, fakihi wa Kishafii aliyefariki mwaka 450 Hijria, aliandika mlango mzima wa hisba katika kitabu chake Al-Ahkam As-Sultaniyya. Ibn Taymiyya naye ana risala mahsusi katika jambo hilo. Muhtasib ndiye aliyeangalia mizani ya sokoni, maji ya mji, njia za watu na jengo linalotokeza likaibana njia. Na kabla ya maulamaa hao, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea muuzaji. Akatufundisha pia kwamba kuondosha la kuudhi njiani ni katika tanzu za imani. Mtu anayeisoma hadithi hiyo darsani, kisha akauona mfereji uliooza mbele ya msikiti kuwa si shughuli yake, huyo ameihifadhi hadithi wala hajaifahamu.

Hatusemi kuwa Baraza la Madiwani ni hisba ya Kiislamu. Halihukumu kwa sheria ya Allah, na mikononi mwa halmashauri hizo hizo hupita yaliyo haramu, zikiwemo leseni za vileo. Tunalosema ni kuwa maslahi yaliyokuwa mikononi mwa muhtasib leo yapo juu ya meza ile. Yataamuliwa tukiwepo, na yataamuliwa tusipokuwepo.

Shubha tatu na majibu yake

Shubha ya kwanza husemwa na baadhi ya ndugu zetu wenye ghera, nao tunawapenda kwa ajili ya Allah. Wanasema: vikao hivi ni Daarun-Nadwa, nyumba ambamo Makuraishi walikuwa wakifanya shauri lao, na humo ndimo walimopanga njama dhidi ya Mtume (s.a.w.). Vipi muumini aingie humo?

Tunasema: ni kweli kwamba Makuraishi walikuwa na Daarun-Nadwa. Lakini Makuraishi hao hao walikuwa na Hilful-Fudhul, kiapo kilichofungwa katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, baada ya mfanyabiashara kutoka Yemen kudhulumiwa haki yake na Al-As bin Wail. Wakaapa kusimama na mwenye kudhulumiwa hadi arejeshewe haki yake. Mtume wetu (s.a.w.) alikihudhuria kiapo kile kabla ya utume, na baada ya utume alieleza kuwa lau angeitwa katika Uislamu kwa kiapo mfano wake, angeitika. Watu ni wale wale, mji ni ule ule, na shirki ilikuwa ndiyo dini yao. Kilichotofautisha vikao viwili hivyo ni jambo lililokusudiwa ndani yake. Basi anayekwenda mkutano wa mtaa kusema kwamba kilabu cha pombe kisiwekwe karibu na madrasa, amekwenda kukataza maovu. Na anayebaki nyumbani kwa hoja ya Daarun-Nadwa, na ajiulize: maovu yale ameyakataza kwa kitu gani?

Shubha ya pili: hayo ni siasa, na msikiti si mahali pa siasa. Ajabu iliyoje! Uchaguzi ukikaribia, mgombea huja msikitini na magunia ya mchele na tende za futari, akapewa kipaza sauti, akasifiwa, akaombewa dua, na hakuna aliyesema kuwa hiyo ni siasa. Akishapata kiti, miaka mitano inapita bila ya mtu kumuuliza alisema nini kwenye kikao cha robo mwaka, au alihudhuria vikao vingapi. Tunamfungulia mlango anapotuhitaji, tunaufunga siku tunapomhitaji. Siasa ya chama ni kumwambia mtu ampigie nani kura, na hiyo tunaikataa msikitini. Ama kumwambia Muislamu kwamba Jumamosi saa tatu kuna mkutano wa mtaa na kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yake kitazungumzwa, huko ni kumfikishia habari, kama tunavyotangaza msiba.

Shubha ya tatu: sauti yetu haisikilizwi, wameshaamua. Hatukatai kuwa dhulma ipo, na kuwa yapo maamuzi yaliyonunuliwa kabla ya kikao. Lakini mwenye kudai kuwa hakusikilizwa yampasa awe alisema. Katika kesi yetu ya baa hatukunyimwa haki ya kusema, bali hatukufungua kinywa.

Wapo Waislamu waliokuwa wachache kuliko sisi, katika nchi isiyo yao kwa asili, na hawakusema maneno hayo. Hamtramck ni mji mdogo wenye baraza lake, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, uliozungukwa karibu pande zote na jiji la Detroit. Kwa miongo mingi ulijulikana kuwa mji wa Wakatoliki wenye asili ya Poland, kisha wakahamia Wayemeni, Wabangladeshi na Wabosnia. Waislamu wa msikiti wa Al-Islah walitaka adhana isikike nje kwa kipaza sauti. Hawakushindana na majirani juu ya mapaa, wala hawakukaa wakinung'unika. Walilipeleka ombi lao mbele ya baraza la mji. Aprili 2004 baraza likarekebisha sheria yake ndogo ya kelele, ili adhana iruhusiwe, kama kengele za makanisa, kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku. Wapinzani wakakusanya saini, jambo likapelekwa kwenye kura ya wananchi Julai 2004, na sheria ikabaki. Adhana ya alfajiri ya kiangazi ilibaki nje ya saa hizo, nao wakakipokea kilichowezekana bila ya kukiacha kwa sababu ya kisichowezekana. Uchaguzi wa Novemba 2015 ukatoa baraza lenye Waislamu wengi. Na Januari 2022 walioshika umeya na viti vyote vya udiwani walikuwa Waislamu. Hatusemi kuwa kila lililoamuliwa na baraza hilo ni la kuigwa. Tunasema kwamba mlango waliopitia mwaka 2004 ulikuwa mlango wa kikao cha kawaida, chenye ajenda na muhtasari, kama chetu.

Tunayoyapoteza kwa kutokuwepo

Tuchukue mfano mmoja unaogusa dini yetu moja kwa moja. Kila Ramadhani tunahutubia juu ya riba, na ni wajibu. Lakini vijana wetu na kina mama zetu wanakopa kwa wakopeshaji wa mitaani, mikopo ambayo wenyewe wameiita kausha damu, na jina latosha kueleza hali. Wakati huo huo sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya kuvikopesha vikundi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Na tangu mwaka 2018 sheria imetamka kuwa mikopo hiyo haina riba. Aprili 2023 Serikali iliisitisha kwa sababu ya upotevu wa fedha, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tunauliza: ni misikiti mingapi iliyowatangazia kina mama wake habari hiyo? Ni vikundi vingapi vya darsa vilivyojiandikisha? Khutba inayomkataza maskini riba bila ya kumuonesha mkopo wa halali ulio umbali wa nauli moja ya daladala, khutba hiyo ina upungufu, na sisi ni miongoni mwa walioitoa.

Mfano wa pili ni makaburi. Mahali pa kuzikia hupangwa kwenye ramani ya mipango miji. Panapojaa, panahitajika pengine, na ardhi ya pembezoni mwa jiji haikai bila ya mwenye kuitaka. Tunazika kwa haraka kama sunna inavyotuelekeza, lakini kuomba eneo la kuzikia hatuna haraka nako. Kisha siku ya msiba ndipo tunapogombana na majirani juu ya jeneza.

Mfano wa tatu unatuuma zaidi kuutaja. Tunapolalamikia kelele za baa, jirani yetu asiye Muislamu anatuuliza juu ya vipaza sauti vyetu vinavyorusha mihadhara hadi usiku wa manane. Adhana ni ibada na ina wakati wake. Ama muhadhara, waliokuja kuusikiliza wamo ndani ya msikiti. Asiyejichunga katika haki ya jirani hatakuwa na uso wa kusimama mkutanoni kudai haki hiyo hiyo kwa wengine.

Yanayotupasa

Kwanza, kila msikiti uteue watu wawili, na kina mama nao wateue wao, ambao kila wiki watasoma ubao wa serikali ya mtaa na wa kata, na kuzitangaza habari zake baada ya swala kwa ufupi, bila ya kuongeza chama wala jina la mgombea.

Pili, twendeni kwenye mkutano wa mtaa, na tuandike majina yetu kwenye orodha ya mahudhurio. Jina lisiloandikwa halikuwepo.

Tatu, pingamizi liandikwe, litiwe saini na wakazi, lipelekwe kabla ya uamuzi, na nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kelele za baada ya uamuzi hazina jalada.

Nne, tuwe na adabu na ukweli. Tusimzulie mtu rushwa tusiyoithibitisha, wala tusiligeuze jambo kuwa ugomvi wa dini. Mama wa Kikristo anayelea watoto nyuma ya baa ile anakosa usingizi kama sisi. Tukimwendea kwa wema tutakuta anaitafuta saini ya kwanza ili atie ya pili.

Tano, diwani Muislamu tusimtazame kama mgao wetu, tukamuomba nauli na ada za watoto. Cheo ni amana, na Suratun-Nisaa katika aya ya 58 yatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe. Tumuulize juu ya amana hiyo kama tunavyomuuliza diwani asiye Muislamu, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa yeye anaijua hukumu yake.

Ndugu zetu, baa ile ingalipo. Jioni muziki unaanza, nasi tunainua sauti ili watoto wasikie herufi. Lakini leseni ina ukomo, na ukifika itaombwa upya. Tangazo litabandikwa pale pale, ukutani, kwa lugha tunayoijua sote. Safari hii tumeshaandika barua yetu, na majirani 46 wameshatia saini, 17 kati yao si Waislamu. Hatujui uamuzi utakuwaje, kwani matokeo yako mikononi mwa Allah (s.w.). Sisi tutaulizwa juu ya kuhudhuria kwetu.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa wenye kuamrisha mema na kukataza maovu kwa elimu, upole na subira, azilinde madrasa zetu na watoto wetu, awaongoze viongozi wetu kwenye uadilifu, na atusamehe kwa siku zote tulizopita mbele ya ubao ule bila ya kusimama. Amin.

Wabillahi tawfiiq.